Wanachuo wa Kusini wafundishwe ubeberu kuanzia hapa walipo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonishughulisha kwa muda mrefu, nalo ni jinsi tunavyowafundisha vijana wa vyuo historia ya ubeberu. Mimi ni mkufunzi wa historia katika chuo kimoja hapa Mtwara. Wanafunzi wangu wengi wametoka Newala, Tandahimba, Masasi, Nachingwea, Ruangwa, Liwale na Kilwa, na baada ya miaka michache wengi wao watasimama mbele ya madarasa katika wilaya hizohizo. Kwa hiyo wanachokikosa chuoni hakiishii kwao. Kitawafikia hata watoto ambao leo hawajazaliwa.

Mwaka jana tulikuwa kwenye mada ya uchumi wa kikoloni baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Nilitoa swali la kuandika, na binti mmoja kutoka Nachingwea alijibu vizuri kuliko wenzake wote. Alitaja mahitaji ya malighafi, utafutaji wa masoko, uwekezaji wa mitaji na fahari ya mataifa makubwa, akaweka mfano chini ya kila hoja, kwa Kiingereza kilichonyooka. Nilipomrudishia karatasi yake nilimuuliza kama kwao kuna alama yoyote iliyobaki ya mambo hayo aliyoyaandika. Alifikiri kidogo, akasema hakuna.

Baadaye mazungumzo yalihamia kwenye shule tulizosoma, na binti huyohuyo akatusimulia kwamba alipokuwa darasa la sita alikuwa kiranja wa kengele. Kengele yenyewe ilikuwa kipande cha reli chenye urefu wa mkono hivi, kilichoning'inizwa kwa waya kwenye tawi la mwembe na kugongwa kwa nondo. Nilimwomba akichore ubaoni. Alichora, na upande wa juu akaweka tundu ambamo waya ulipitishwa. Nikamuuliza nani alilitoboa tundu lile. Akasema hajui, alilikuta. Hakuna fundi wa kijijini aliyelitoboa. Lilikuwa tundu la bolti, la kuungia reli moja na nyingine, na lilitoka kiwandani hivyohivyo. Ndipo nilipouliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza tangu siku ya kwanza: reli hiyo ilitoka wapi, ilhali Nachingwea hakuna treni? Darasa zima lilinyamaza, watu zaidi ya arobaini, na karibu nusu yao ni wenyeji wa wilaya ambazo reli ile ilipita.

Kwa msomaji asiyeifahamu habari hii, niieleze. Baada ya vita kwisha mwaka 1945 Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Siagi na mafuta ya kupikia vilitolewa kwa mgawo, na dola za kununulia mafuta kwingine hazikuwepo. Kampuni ya United Africa Company, iliyokuwa chini ya Unilever, ikaipendekezea serikali ya London kulima karanga Afrika ya Mashariki kwa mitambo. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulitumwa kutafuta ardhi, na mwaka 1947 kazi ikaanza. Hesabu ya mwanzo ilikuwa zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na hapa kwetu Nachingwea. Karanga za Nachingwea zilihitaji njia ya kufika melini, na maji ya bandari ya Lindi hayakuwa na kina cha kutosha. Hivyo ikajengwa reli, na bandari ya kina kirefu ikaanza kuchimbwa Mtwara. Januari 1951 serikali ya Uingereza iliutangaza mradi kuwa umeshindikana, hasara ikiwa imefika pauni milioni 36. Bandari ilikamilika mwaka 1954, wakati karanga zilizokusudiwa kupita humo zilikwisha kusahaulika. Miaka michache baada ya Uhuru reli nayo iling'olewa, na vipande vyake vikabaki vimetawanyika, vingine vikiwa kengele.

Mji huu wa Mtwara ninakoandikia barua hii, wenye barabara pana zilizonyooka, ulichorwa karatasini kwa ajili ya karanga hizo. Kabla yake mji wa maana katika eneo hili ulikuwa Mikindani. Wanafunzi wangu wanalala, wanakula na kufanya mitihani ya ubeberu ndani ya mji uliozaliwa na ubeberu, kisha wanaandika kwamba kwao hakuna alama iliyobaki. Kosa hilo si lao. Ni letu tunaowafundisha, na mimi nimo, kwa sababu kwa miaka kadhaa nilifundisha vivyo hivyo: orodha ya sababu, orodha ya mbinu, orodha ya matokeo, na kila orodha ina hoja tano ili ilingane na alama za mtihani.

Sisemi kwamba orodha hizo ni za uongo. Malighafi ni sababu ya kweli, masoko ni sababu ya kweli, na mwanafunzi asiyeufahamu Mkutano wa Berlin wa Novemba 1884 hadi Februari 1885 hawezi kuielewa ramani ya Afrika. Tatizo ni kwamba orodha haionyeshi jinsi jambo lilivyotendeka. Mwanafunzi anaweza kuandika kwamba "viwanda vilihitaji malighafi" mara mia moja bila kuona hata siku moja namna uhitaji wa mwenye kiwanda wa Ujerumani ulivyogeuka jembe mkononi mwa mtu wa Umatumbi ambaye hakuwahi kusikia jina la kiwanda hicho. Hatua zilizo kati ya viwili hivyo ndizo historia yenyewe, na ndizo tunazoziruka.

Chukua pamba. Viwanda vya nguo vya Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19 vilitegemea mno pamba ya Marekani, na wenye viwanda waliogopa kupanda kwa bei na kutawaliwa na soko wasiloliweza. Mwaka 1896 iliundwa Berlin kamati ya uchumi wa makoloni, yenye watu wa viwanda na biashara, ambayo lengo lake mojawapo lilikuja kuwa kupata pamba kutoka kwenye makoloni ya Ujerumani yenyewe. Mwaka 1901 kamati hiyo ilipeleka Togo watu kutoka Tuskegee, chuo cha Wamarekani weusi kilichopo Alabama, wakafundishe kilimo cha pamba. Watu ambao wazee wao walilimishwa pamba utumwani wakaletwa Afrika kusaidia kuwalimisha Waafrika pamba hiyohiyo. Wanafunzi wangu wanapolifikia jambo hili huacha kuandika na kuinua vichwa. Mwaka uliofuata, 1902, serikali ya gavana wa Kijerumani, von Götzen, ilianzisha huku kwetu mashamba ya pamba ya pamoja, yaliyosimamiwa na maakida na majumbe, yaani wasimamizi na wakuu wa vijiji waliofanya kazi chini ya Wajerumani, na watu wakatolewa kwenye mashamba yao ya mtama na mpunga katika msimu uleule ambao mashamba hayo yaliwahitaji zaidi. Malipo yalikuwa madogo kiasi kwamba wapo waliokataa kuyapokea. Julai 1905 watu wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi, waliingia shambani na kuing'oa miche ya pamba, na hapo ndipo vita ya Maji Maji dhidi ya Wajerumani ilipoanza.

Mwanafunzi aliyepitia mlolongo huo kutoka kiwandani hadi Nandete haelezwi tena kwamba Maji Maji ilikuwa "ghasia za washirikina". Anaona kwamba kilichong'olewa kwanza ni pamba, na kwamba wale watu walijua wanachokipinga. Anaweza kuuliza maswali magumu zaidi: kwa nini dawa ya maji ya mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, iliyoaminiwa kuzuia risasi, iliwaunganisha watu wa makabila yasiyokuwa na mfalme mmoja, kwa nini Wamatumbi, Wamwera, Wangindo na Wangoni waliingia vitani kwa nyakati tofauti na kwa sababu zisizofanana, na kwa nini moto ulifika mpaka misheni za Nyangao, Lukuledi na Masasi. Kinjikitile alinyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti 1905, vita ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Waliokufa baadaye, wengi wao kwa njaa baada ya askari kuchoma vijiji, mashamba na maghala, wanakadiriwa kati ya 75,000, ambayo ni hesabu ya Wajerumani wenyewe, na 300,000 kwa makadirio ya wanahistoria waliokuja baadaye. Ninapenda mwanafunzi azikute hesabu zote mbili na aulizwe nani alihesabu, alihesabu nini, na nani hakuhesabiwa.

Hapa pana jambo jingine ambalo tunalikwepa, na kulikwepa kwetu kunawadhuru vijana. Waliochoma mashamba hayo kwa mikono yao hawakuwa Wazungu peke yao. Jeshi ambalo Hermann von Wissmann, kamanda wa Ujerumani, alilileta mwaka 1889 kuvunja upinzani wa pwani lilikuwa na Wasudani walioandikishwa Misri pamoja na watu kutoka Msumbiji, na baadaye askari wengi walitoka humuhumu nchini. Maakida wengi walikuwa watu wa pwani, wenye kusoma na kuandika, na baadhi ya familia zao ziliwahi kunufaika na misafara ya watumwa iliyoteremka Kilwa Kivinje na Mikindani. Mwaka juzi kijana mmoja aliniambia faraghani, kwa aibu, kwamba babu wa babu yake alikuwa askari wa Mjerumani, na akaniuliza kama ni vyema aitaje habari hiyo katika insha yake. Nilimwambia aitaje. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba ubeberu ni Wazungu upande mmoja na sisi sote upande mwingine atakapokutana na ukweli wa aina hiyo ama atauficha, ama atayatupa yote aliyofundishwa. Ubeberu ulidumu kwa sababu ulijua kuwapa baadhi ya watu mshahara, bunduki, cheo au msamaha wa kodi, na kuwaweka juu ya wenzao. Ni lazima jambo hilo lifundishwe bila kuwatukana wajukuu wa waliopokea.

Naomba nigusie suala la lugha, ingawa najua limejadiliwa sana. Machemba, kiongozi wa Wayao katika nyanda za juu za Makonde, alipotakiwa na Wissmann mwaka 1890 ateremke pwani kujisalimisha, alijibu kwa barua. Alisema ameyasikia maneno yake lakini haoni sababu ya kumtii, na kwamba ni afadhali afe. Kama ni urafiki, yuko tayari, lakini kuwa chini ya mtu hawezi, kwa kuwa wote wawili ni viumbe wa Mungu. Barua hiyo aliiandika kwa Kiswahili. Wanafunzi wangu wanaisoma kwa Kiingereza, katika tafsiri, kisha wanaiandikia insha kwa Kiingereza. Mwaka jana niliwapa zoezi la kuirudisha kwenye Kiswahili cha mtu wa mwaka 1890 anayemwandikia adui yake, na tulikaa saa nzima tukibishana kama Machemba angeandika "siwezi kuwa mtumwa wako", "siwezi kuwa raia wako" au "siwezi kuwa chini yako", na kila neno lingekuwa na uzito gani kwa Myao aliyekuwa akifanya biashara na watu wa pwani. Katika saa ile moja walielewa maana ya kutawaliwa kuliko katika muhula mzima wa mihadhara.

Sipendekezi kwamba vyuo viache Kiingereza kesho. Nasema kwamba majadiliano, mahojiano na wazee na sehemu ya kazi za kuandika katika somo hili viruhusiwe kufanyika kwa Kiswahili na vihesabiwe alama. Nimemwona kijana yuleyule akieleza kwa Kiswahili, kwa hoja zinazofuatana, kwa nini kodi ya nyumba ilimlazimisha mtu kwenda kutafuta kazi ya mkonge, kisha nikaisoma karatasi yake ya mtihani na kukuta mstari mmoja tu aliokariri.

Kuna mfano wa pili ambao wasomaji wa Lindi wanaufahamu vizuri, wa mjusi wa Tendaguru. Kilima cha Tendaguru kiko kilomita zipatazo 60 kutoka mji wa Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 jumba la makumbusho ya elimu ya viumbe la Berlin lilichimba hapo mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, kazi iliyosimamiwa na Werner Janensch na Edwin Hennig. Wachimbaji na wapagazi walikuwa mamia ya watu wa Kusini, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa kwa vichwa na mabega, mwendo wa siku kadhaa, hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa mijusi hao amesimama Berlin mpaka leo, kimo chake zaidi ya mita 13.

Habari hii kwa kawaida hufundishwa kama habari ya sayansi, au husimuliwa kama lalamiko la mali iliyochukuliwa. Mimi napenda wanafunzi waanze na tarehe. Uchimbaji ulianza mwaka 1909, miaka miwili tu baada ya Maji Maji kuzimwa, katika nchi ambayo njaa ilikuwa imepita na watu wengi walikuwa wakitafuta fedha ya kodi. Ukishaiweka tarehe hiyo mezani, maswali yanajileta yenyewe: mtu aliyekubali kubeba mfupa kwa ujira alikuwa na hiari kiasi gani? Ardhi ile ilifanywaje kuwa ya serikali ya kikoloni, hata mifupa iliyomo ikawa na mwenyewe Berlin? Na kwa nini jina la Janensch limo katika vitabu tangu mwanzo, wakati Boheti alisubiri hadi mwaka 2007 ndipo jina lake likatumika kumwita mjusi mmoja wa Tendaguru? Sharti la zoezi hili ni kwamba mwanafunzi haruhusiwi kuanza na swali la kurudisha mjusi au kutomrudisha. Swali hilo ni halali, na Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alipofika Songea Novemba 2023 na kuomba msamaha kwa yaliyotendwa katika Maji Maji, wanafunzi wangu walilijadili mpaka saa za chakula. Lakini mtu akianza nalo, huchagua upande kabla hajajua wapagazi walikuwa akina nani.

Mengine nayapitia haraka. Basi la kutoka Mtwara kwenda Masasi linapita Nyangao, karibu na Mahiwa, ambako Oktoba 1917 brigedi ya Wanigeria waliokuwa chini ya Waingereza ilipigana kwa siku nne na askari wa Kiafrika waliokuwa chini ya kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck. Waafrika wakiuana kwa niaba ya ugomvi wa Ulaya, na nyuma yao wapagazi wakifa wengi zaidi, kwa maradhi na njaa, kuliko askari. Mto Ruvuma uligeuka mpaka kwa mapatano ya Wajerumani na Wareno ya Desemba 1886, Wamakonde wakiwa kingo zote mbili. Wanafunzi wangu wengi wana shangazi na wajomba ng'ambo, na hilo peke yake lingetosha kuwa mhadhara mzima.

Kila mwaka huulizwa pia kuhusu gesi. Mwanafunzi husimama na kuuliza kama bomba linaloipeleka gesi yetu Dar es Salaam ni ubeberu uleule kwa sura nyingine, na darasa hukaa kimya likinitazama, kwa sababu wengi wanaikumbuka Mtwara ya mwaka 2013, wakati wa ghasia za kulipinga bomba hilo. Sijawahi kulikataa swali hilo na sijawahi kulijibu kwa ndiyo au hapana. Huwaambia walipime kwa maswali yaleyale waliyoyatumia kwa pamba, karanga na mjusi: nani aliamua, nani alilipa gharama, nani alipata faida, na nani alikuwa na uwezo wa kukataa. Mkulima wa Nandete wa mwaka 1905 hakuwa na mbunge, hakuwa na kura wala gazeti la kuliandikia. Raia wa leo anavyo vitu hivyo, vikiwa na nguvu au vikiwa dhaifu, na tofauti hiyo lazima iingie katika hesabu. Kijana akiita kila asichokipenda ubeberu, neno lenyewe litapoteza maana, na siku ubeberu wa kweli utakapokuja atakosa neno la kuuita.

Hata mradi wa karanga unahitaji uangalifu huohuo. Serikali iliyouanzisha ilikuwa ya chama cha wafanyakazi cha Uingereza, na wapo ndani yake walioamini kwa dhati kwamba wanaleta maendeleo Tanganyika. Baadhi ya wanafunzi husema hilo linauondoa mradi katika ubeberu. Wengine husema ndilo linaloufanya uwe ubeberu hasa, kwa sababu mtu alipangiwa maendeleo na watu wasiomuuliza. Mimi naelekea upande wa pili. Mpango ulianza na upungufu wa mafuta katika majiko ya Uingereza, ukaishia pale London ilipoona gharama zimezidi, na katika miaka yote hiyo hakuna siku ambayo mkulima wa Nachingwea aliulizwa kama udongo wake unafaa kwa mitambo ile, ingawa yeye ndiye aliyeulima maisha yake yote. Lakini mwanafunzi anayetofautiana nami kwa ushahidi anapata alama zake zote.

Kufundisha kwa namna hii hakuhitaji fedha nyingi, ndugu Mhariri, na si jambo jipya. Mwaka 1968 idara ya historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliwatuma wanafunzi wake vijijini kuwahoji wazee walioishuhudia Maji Maji, na kwa kazi hiyo ya vijana tunajua mambo mengi ambayo nyaraka za Wajerumani zisingetuambia kamwe. Wazee wale wote wamekwisha kutangulia. Sasa zamu imewafikia waliofanya kazi kwenye karanga, kwenye reli na kwenye mashamba ya mkonge: aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1949 leo amepita 90. Kila msiba wa mzee wa namna hiyo Nachingwea au Masasi unaondoka na ushahidi ambao haupo katika maktaba yoyote ya London. Kwa hiyo naviomba vyuo vya Lindi na Mtwara viifanye safari moja ya kuhoji wazee kuwa sehemu ya lazima ya somo, yenye alama, na mahojiano hayo yahifadhiwe mahali ambapo mwanafunzi wa mwaka 2060 atayapata. Naziomba pia halmashauri zetu ziache kuuza masalia ya reli na mitambo kama chuma chakavu kabla mtu hajayapiga picha na kuandika yalikutwa wapi.

Na ninawaomba wazee wenyewe, pamoja na watoto wao wanaosoma gazeti hili, wawapokee vijana watakapobisha hodi mwezi Julai. Watakuja na daftari na simu za kurekodia, na baadhi yao watauliza maswali yanayoonekana madogo, kama vile chakula cha kambini kilikuwa nini, au nani aliitisha majina asubuhi. Naomba wajibiwe.

Binti wa Nachingwea ameshaanza. Likizo iliyopita alikaa na babu yake siku mbili barazani. Mzee alimsimulia mnyororo mzito uliovutwa na matrekta mawili yaliyoachana, ukipita na miti yote iliyo katikati, na vumbi lililowafanya wasionane. Akamwambia kwamba yeye na wenzake hawakuelezwa karanga zinakwenda wapi, na kwa muda mrefu aliamini ni chakula cha askari. Alipomuuliza habari ya kengele ya shule, babu alicheka, akasema kipande kile walikibeba watu wanne kutoka kwenye tuta la reli, na yeye alikuwa mmoja wao. Kisha akachoka. Amemwambia mjukuu wake arudi baada ya mavuno ya korosho, kwa sababu bado hajamsimulia siku waliyoambiwa kazi imekwisha na kila mtu arudi kwao.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkufunzi wa historia,
Mtwara